Shahidi Aliye Mguuni

Kambi ya Shamba, karibu na Mto Themi, Arusha
14 Februari 1954

Dada Nusura,

Shikamoo. Kabla sijasema neno jingine, pokea salamu zangu wewe na shemeji na watoto, na wote waliobaki katika nyumba ya marehemu baba hapo Kolo. Mimi nakula na nasema, kwa hiyo nihesabuni kuwa mzima. Mlima Meru umejifunika mawingu tangu wiki iliyopita lakini hauteremshi kitu. Tunapogolea mikahawa. Mikono yangu imekuwa kama magome, na jioni nikirudi kambini nalala na jivu la kupikia likiwa bado moto, maana nguvu ya kulizima sina.

Sasa sikiliza habari yenyewe. Ulisikia kwa Jamaldini, alipopita huko na madebe yake ya asali, kwamba mnyapara wetu alinipiga. Ni kweli. Anaitwa Melkizedeki, mtu wa hapa hapa mlimani. Tulikuwa tukitifua ardhi katikati ya mistari ya kahawa mwezi wa Novemba, akanirushia jembe la uma, lile la meno matatu, likanichoma mguu wa kulia juu kidogo ya kifundo, upande wa nje. Damu ilitoka, nikaifunga kwa kitambaa cha kilemba changu. Kidonda kilifunga.

Lakini tangu Januari, dada, shavu la mguu ule ule limeota kitu. Kiko nyuma, upande wa ndani, ukubwa wa limao. Kina moto, na kinapiga. Sisemi kinauma, ingawa kinauma. Nasema kinapiga, kama koo la chura. Ukiweka vidole viwili juu yake unaviona vinaachana na kurudiana. Usiku napata homa na jasho, asubuhi naenda kazini.

Usiwe na huzuni. Mimi ninafurahi. Nimepeleka mashitaka Boma, na hakimu ameyapokea. Siku ya kesi nitakunja suruali mbele ya watu wote, nitamwambia hakimu aweke mkono wake hapa. Melkizedeki ataingia jela kwa sababu ya kitu kinachopiga chenyewe bila kufundishwa na mtu. Nataka mkewe ampelekee uji kwenye kopo. Nataka apite barabarani na jembe la serikali begani, mimi nimekaa ukingoni nimtazame.

Nisalimie watoto. Waambie mjomba anakuja baada ya kesi.

Mdogo wako,
Sefu


Kolo, Kondoa
6 Machi 1954

Mdogo wangu Sefu,

Marahaba. Sisi wazima, na mwandiko huu ni wangu, ule ulionifundisha kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni, kwa hiyo ukiona herufi zinalala ujue mwalimu wake alikuwa mvivu. Shemeji yako anakusalimu. Serikali imetutoa tena kwenda kuchimba matuta ya kuzuia makorongo, kila nyumba mtu mmoja, naye ndiye anayekwenda. Uwele umeota vizuri upande wa bondeni. Mbuzi mweusi, yule mwizi wa nguo, amezaa mapacha.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimeona umeandika mengi kuhusu alivyokupiga, na hukuandika kwa nini alikupiga. Mtu hasimami tu kati ya kahawa akarusha jembe. Ulimfanya nini?

Na huo uvimbe, Sefu. Mtu mwenye akili akiota kitu kama hicho humwonyesha daktari. Wewe unataka kumwonyesha hakimu. Hakimu ana dawa gani?

Jibu upesi, na unijibu nilichouliza.

Dada yako,
Nusura


Hospitali, Arusha mjini
28 Machi 1954

Dada Nusura,

Shikamoo. Nafurahi kwa mapacha wa yule mwizi. Mmoja ni wangu, mkate alama sikioni.

Unaona ninapoandikia. Usishituke. Hospitali nilikuja kwa miguu yangu, tena kwa shughuli yangu mwenyewe, na nitakueleza.

Kwanza dresa wa shambani, mfunga vidonda wetu. Alinishika shavu la mguu akasema ni jipu limeiva, akaniambia nilale kwenye benchi alipasue. Kisu alishakichemsha kwenye sufuria ya chai. Nikamkatalia. Akanicheka, akasema mtu mzima naogopa kisu cha jipu kama mwali. Wenzangu nao wakacheka. Nikawaambia usaha wote huo ni mali ya hakimu, hautoki hapa kabla ya kesi. Akanipa vidonge nikaondoka.

Halafu mtu mmoja kambini akaniambia kuwa hakimu hukubali zaidi karatasi ya daktari kuliko mguu mtupu. Ndipo nikaja hapa, ili daktari aandike kwamba Melkizedeki ameniharibu. Sikuja kutibiwa.

Daktari ni Mzungu mrefu, Kiswahili chake kinapanda na kushuka kama barabara ya Babati, lakini anaeleweka. Hakugusa kisu. Alilaza kiganja juu ya uvimbe. Kisha akabana kwa kidole gumba hapa kwenye kinena, panapopita mshipa, na uvimbe ukanyamaa, dada, ukanywea kama kibofu kilichotobolewa. Akaachia, ukarudi kupiga. Akaweka mipira yake ya kusikilizia pale pale, akaniwekea na mimi masikioni. Nilisikia mvukuto wa mhunzi. Vuu, vuu, vuu.

Akaniambia hili si jipu. Ni mshipa mkubwa wa damu ambao ukuta wake umeoza kwa vijidudu, umetuna kama mpira wa baiskeli unavyotuna mahali palipochakaa. Akauliza ni nani aliyenizuia nisipasuliwe shambani, kwa sababu dresa angetia kisu pale, damu ingeruka mpaka darini na ningemalizikia kwenye benchi. Nikamjibu, "Hasira, bwana." Hakunielewa, au alinielewa akaacha.

Basi ujue, hiyo hasira unayonikanya nayo ndiyo imeniweka hai.

Lakini sasa anataka anikate yeye. Anasema afunge mshipa juu na chini ya pale palipooza, auondoe. Nimekataa. Kesi ni ya Agosti, hakimu amekwenda likizo kwao. Akikiondoa sasa nitamwonyesha hakimu nini, kovu?

Na kuna jambo jingine ninalotaka kwako. Daktari haachi kunisikiliza kifua. Ananitazama kucha, kuna vimistari vyekundu chini yake anavyoviona yeye. Anasema jembe lilinichoma nje, uvimbe uko ndani, katikati pana mfupa. Anashuku ugonjwa ulitoka moyoni, ukasafiri na damu ukakwama mguuni. Alichukua damu yangu akaitia kwenye chupa yenye supu ili vijidudu viote, havikuota. Anadhani ni kwa sababu ya vidonge vya dresa. Akaniuliza kama utotoni niliwahi kuvimba magoti na kulala kwa homa ndefu, kwa sababu homa ile huacha moyo na kilema. Nikasema hapana.

Nenda kwa jumbe, aandike karatasi kwamba mimi Sefu nilikuwa mtoto mzima sikuumwa kitu. Agonge muhuri. Nataka barabara iwe moja tu, kutoka jembe la Melkizedeki mpaka kwenye mshipa wangu, isiwe na kichochoro.

Mdogo wako,
Sefu


Kolo, Kondoa
15 Aprili 1954

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mvua imenyesha vizuri, korongo la nyuma ya nyumba limekula mti mwingine. Mwanangu wa pili ameanza madrasa na tayari amechapwa. Mbuzi wako nimemkata sikio. Kwa Jamaldini nakutumia asali ya miombo, ule kidogo kidogo, usiwagawie wote hapo wodini ukidhani wewe ni liwali.

Jumbe hayupo, amekwenda Kondoa mjini.

Jamaldini ameniambia ulichomwambia mnyapara kabla ya jembe kuruka. Watu wa kambini wanalisimulia neno hilo mpaka leo. Yeye alikuambia urudie mstari wako maana magugu yalibaki, nawe ukamwambia mbele ya kundi zima kwamba alifukuzwa na Wazungu shambani kwake Ngare Nanyuki kama mbwa, nyumba ikachomwa, sasa anakufundisha wewe kulima. Nimekaa na neno hilo siku nyingi. Sisi korongo limekula shamba la baba vipande vipande mpaka ukaondoka kutafuta kazi. Ungesikiaje mtu angekutania nalo?

Kubali kukatwa, Sefu. Mguu si wa hakimu.

Dada yako,
Nusura


Hospitali, Arusha mjini
2 Mei 1954

Dada Nusura,

Shikamoo. Asali imefika na imekwisha. Niligawa.

Nilisema neno hilo, ndiyo, na akija leo mlangoni nitalisema tena. Neno halitoboi mguu. Aliyefukuzwa angepeleka jembe lake kwa aliyemfukuza. Aliona mimi ndiye wa kupigika, mtu wa mbali asiye na ndugu hapa. Hilo ndilo ambalo sitalimeza.

Jumbe hayupo, umesema. Jumbe gani huyo anayekaa mjini mwezi mzima? Nataka ile karatasi. Wewe unajua ninachouliza, na umenijibu habari za mbuzi.

Sasa sikiliza. Nimekubaliana na daktari. Uvimbe umekua, ngozi yake imekuwa nyembamba inang'aa kama ganda la kitunguu, na juzi mgonjwa mwenzangu alipoangusha sinia niliruka, nikadhani umepasuka. Daktari alikaa kitandani kwangu akaniuliza hasa nataka nini. Nikamwambia nataka Melkizedeki auone. Akafikiri, akasema atautoa mzima, autie kwenye chupa ya mdomo mpana yenye spiriti, anipe nimpelekee hakimu. Nimempa mkono. Ni Mzungu wa kwanza kunifanyia biashara ya haki.

Amenipima mguu. Anasema chini ya goti mishipa mikubwa ni mitatu, na uliooza ni mmoja, basi akiufunga, iliyobaki inaweza kulisha unyayo. Ananibana mshipa huku, anatazama vidole vyangu kama vinarudi kuwa vyekundu. Vinarudi. Lakini ameniuliza tena habari ya magoti ya utotoni, akanitazama sana. Anasema kama vijidudu ni vya jembe tu, atakata wiki ijayo. Kama vinatoka moyoni, lazima kwanza nichomwe penisilini usiku na mchana kwa wiki nyingi, la sivyo hata uzi atakaofungia mshipa utashika pabovu, utaachia, na nitatokwa damu nikiwa nimelala hivi. Nikamwambia tena hapana, sikuumwa.

Atakata Jumatatu ya wiki ijayo. Jamaldini anakuja huko kesho na lori, mpe ile karatasi arudi nayo.

Sefu


Hospitali, Arusha mjini
20 Juni 1954

Dada Nusura,

Shikamoo. Hujaniandikia, na karatasi haikuja. Jamaldini alirudi na mkono mtupu. Alinikuta siku moja kabla ya kukatwa, akanisalimu, akasema wote wazima, kisha akatoka akamsimamisha daktari mlangoni, wakazungumza muda. Nilidhani anauza asali.

Baada ya hapo daktari alibadilika. Akaahirisha kisu. Akanitoa damu tena, safari hii kutoka mikono yote miwili, na vijidudu vikaota. Akanifungua mdomo, akakuta pengo la lile gego nililong'olewa Daraja Mbili mwaka jana na fundi baiskeli, kwa koleo lake. Akatikisa kichwa kama amesoma habari aliyokuwa akiitafuta. Ndipo zikaanza sindano. Usiku na mchana, dada, kila baada ya saa nne, matako yangu yamekuwa kama ubao wa kulengea mishale. Mwuguzi anaitwa Hanna, ni wa hapo mlimani, ananiamsha kwa kunibana sikio na kuniambia, "Geuka, mdai, hakimu anakuja." Wote wodini wananiita mdai.

Homa iliondoka. Usingizi ukarudi. Kisha akanikata.

Nilipoamka nilitazama chini kuhesabu miguu. Ipo yote. Unyayo ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, nikaomba chupa ya maji ya moto. Hanna akakataa katakata, akasema mguu wenye damu kidogo ukipashwa moto unaungua ndani bila kusema. Aliuacha wazi, mwili mwingine wote amenifunika blanketi. Siku hiyo yote niliutazama. Kesho yake alasiri kidole kikubwa kilianza kuwasha. Sijawahi kupenda muwasho kama ule.

Chupa ninayo. Iko juu ya kikabati. Kitu chenyewe ni kidogo kuliko nilivyodhani, cha rangi ya ini lililopikwa, upande mmoja kimechakaa mpaka mwanga unapita. Bado miezi miwili. Usiku nikikosa usingizi nakitazama na kupanga maneno nitakayomwambia Melkizedeki. Ninayo mengi.

Andika, dada. Ukimya wako haupendezi.

Sefu


Kolo, Kondoa
8 Julai 1954

Mdogo wangu,

Alhamdulillahi kwa kidole kilichowasha. Tumechinja mbuzi, yule mwizi mwenyewe, si mwanawe. Shemeji yako amemaliza zamu ya matuta na mgongo umemkataa. Tumevuna uwele. Usiku huku ni baridi.

Sina la zaidi. Fanya mazoezi ya kutembea. Usibebe mzigo.

Nusura


Kambi ya Shamba, Themi
19 Agosti 1954

Nusura,

Kesi imesikilizwa. Nitakuandikia yote mara moja, kisha sijui kama nitakuandikia tena.

Nilikwenda Boma nimevaa kanzu niliyoazima, chupa nimeifunga kwenye leso. Melkizedeki alikuwa amefika mapema, amevaa koti la Jumapili, amekonda mpaka shingo inacheza ndani ya kola. Moyo wangu ulipoona hivyo ulikula ukashiba. Mkewe Penina alikaa nyuma yake.

Nilisema yangu. Nikaweka chupa mezani. Karani aliinuka akasogeza kiti. Hakimu akaitazama, akamwita daktari.

Na daktari, yule niliyempa mkono, alisema kweli yote. Alisema jembe lilichoma nje na kidonda kilipona chenyewe. Alisema ugonjwa ulianzia kwenye moyo ulioharibika tangu utotoni, vijidudu vikaingia kwa njia ya jino, vikashika pale moyoni penye kilema, kipande kikameguka kikasafiri mpaka mshipa wa mguu kikauozesha. Kingeweza kwenda mguu wa kushoto, au kichwani. Hakimu akauliza anajuaje habari ya utotoni ikiwa mgonjwa mwenyewe alikana. Daktari akasema aliletewa habari na muuza asali, kutoka kwa dada wa mgonjwa aliyemlea, kwamba nikiwa mtoto nilivimba magoti na viwiko nikalala msimu mzima wa mvua. Akasema asingeletewa habari ile angenikata mapema na huenda leo ningekuwa kaburini.

Ni wewe. Jumbe hakuwa mjini hata siku moja.

Subiri, sijamaliza. Melkizedeki aliomba ruhusa aishike chupa. Aliipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. Kitu kile kikacheza ndani. Akasema, "Kumbe si mimi." Akarudia tena kwa sauti ndogo, akimwambia mkewe na si hakimu. Kisha akairudisha mezani polepole, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Kwa kurusha jembe alitozwa faini, akakaripiwa. Mimi nikakaripiwa kwa lile neno la Ngare Nanyuki. Basi.

Nje, Penina alinifuata. Nilijua anakuja kunizomea, nikajiandaa. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema, "Tangu ulipolazwa hospitali mume wangu ametengwa na kanisa. Alikwenda mwenyewe kwa wazee, akawaambia amemwaga damu ya mtu na yule mtu atakufa. Amekaa benchi la nyuma na wasiobatizwa, hali akashiba, halali. Jumapili hii anarudi kwenye meza ya Bwana. Mungu akubariki kwa kumleta daktari." Hakuwa ananikejeli, Nusura. Alikuwa akilia.

Umeelewa? Nilipokuwa nalala pale nikipanga maneno, yule mtu alikuwa akinilipa tayari. Kila Jumapili alikuwa akinilipa. Ningekaa kimya tu, ningekwenda zangu Kolo na mguu wangu bila kusema lolote, angeendelea kunilipa mpaka azeeke. Mimi mwenyewe nimempeleka daktari Boma akamfungulia. Na aliyemwekea daktari maneno mdomoni ni wewe.

Nilikuomba karatasi moja. Umemsaidia mtu usiyemjua dhidi ya damu yako.

Sefu


Kolo, Kondoa
5 Septemba 1954

Sefu,

Salamu za nyumbani utazipata kwa Jamaldini. Leo nina neno moja na sitaki lichanganyike na mbuzi.

Ni mimi. Nilimwambia Jamaldini apeleke neno kwa daktari mwenyewe, wewe asikuambie kitu, na nilimwapisha. Sikukuandikia kwa sababu najua ungeukimbia mkono wa daktari ukaenda kufia Boma na mguu wako hewani.

Huyo Melkizedeki simjui, wala sikumfikiria hata kidogo. Niliyemfikiria alikuwa na miaka minane, magoti yake kama maboga, akilia nikimgusa shuka. Mvua ile yote nilikupeleka madrasa mgongoni kwa sababu ulikataa kubaki nyuma ya wenzako, ukawa unanipiga visigino ukiniambia niende mbio kama punda. Wewe umeyasahau, na ni sawa, mtoto husahau. Ulitaka na mimi nisahau kwa muhuri wa jumbe. Hilo sikuliweza.

Sasa umebaki na hasira na hakuna wa kuipokea. Melkizedeki hakimu amemwachia. Daktari huwezi kumgusa. Basi mwenye kosa ni mimi, na nimekiri kwa mkono wangu mwenyewe, huhitaji shahidi wala chupa. Mguu unao na njia ya Babati unaijua. Njoo ulipize. Nipo nyumbani, siendi popote.

Nusura


Kambi ya Shamba, Themi
17 Oktoba 1954

Dada,

Shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimeapa kutojibu.

Nimerudishwa kazini, kazi nyepesi, kuchambua kahawa kwenye vitanda vya kuanikia. Chupa niliiweka dirishani, upande wa njia anayopita Melkizedeki alfajiri, ili kila siku aanze kazi akiitazama. Siku za kwanza alipita akiangalia chini. Kisha asubuhi moja akasimama, akavua kofia mbele ya dirisha, akaniuliza kwa sauti ya kuulizia mgonjwa, "Ameamkaje huyu bwana mkubwa? Hajambo leo?" Kambi nzima ikaanguka kwa kicheko. Na mimi nilicheka, dada. Nilitoka nje nikatema mate, lakini nilikuwa nimekwisha cheka, na aliniona.

Sikumsamehe. Hilo uliandike kwa mkaa kwenye mlango. Jana nimemwekea ile chupa kizingitini mwake na kuondoka. Akitaka aitupe mtoni, akitaka aiweke karibu na Biblia yake, mimi nimekwisha kuilinda.

Daktari amesema nising'oe jino lolote bila kupita kwake. Amesema pia mguu utachoka haraka nikipanda mlima, na moyo nao, ila barabara iliyo tambarare naiweza.

Alhamisi nitapanda basi. Nitashuka Kolo jioni, kutoka barabarani mpaka nyumbani nitakwenda kwa miguu, usimtume mtu kunipokea. Pika ugali wa uwele na mlenda, na uniwekee maji ya kuoga.

Nakuja kulipiza. Usifunge mlango.

Sefu